Kaka yangu amerekodiwa mtaroni akachekwa, sasa anakataa matibabu. Naombeni ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Kaka yangu, tumbo moja, anakunywa pombe tangu enzi za viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulimshukuru Mungu, kumbe akahamia kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji.

Mwezi uliopita alijaribu kuacha mwenyewe. Mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, usingizi hakuna, siku ya tatu akapata degedege. Nesi alituambia aliyezoea pombe kwa miaka asiachishwe ghafla bila daktari, anaweza kufa. Akarudia kunywa ili tu atulie, na ndipo akaanguka mtaroni. Kijana wa mtaani akamrekodi badala ya kumwinua! Redio moja ikaisimulia asubuhi kama kichekesho. Wanawe sasa wanaitwa "watoto wa chapombe", yule mdogo amegoma kwenda shule.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu huu kuwa ugonjwa. Mbona mgonjwa wa sukari akizimia tunamkimbiza hospitali?

Tangu video ile hatoki ndani. Kliniki hataki hata kuisikia, anasema atachekwa na huko.

Mliopitia haya, mlianzaje kumshawishi mtu wenu? Nyumba za upataji nafuu zinapokea wa pombe, au ni za waathirika wa dawa za kulevya tu? Na video niiripoti wapi iondolewe? Mama yetu bado hajaiona, na ana presha.