Naomba ushauri: ratiba ya afya ya mwili na akili kwa tunaofanya zamu za usiku

Nesi wa Kirumba

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, miaka 33, mama wa mtoto mmoja. Zamu zetu zinazunguka: wiki hii asubuhi, inayofuata usiku, kisha ofu, halafu mzunguko unaanza upya. Zamu ya usiku tunaingia saa 2, tunakabidhi saa 2 asubuhi.

Kila ratiba ya afya ninayoletewa inaanza na "amka saa 11 alfajiri, kunywa maji, kimbia". Saa 11 alfajiri mimi niko wodini napima presha za wagonjwa. Nikirudi nyumbani nalala, lakini ikifika saa 6 mchana macho yako wazi, kichwa kizito. Uzito umepanda, hasira ziko karibu. Mtoto akimwaga maji tu nishafoka. Kazi naipenda na sina mpango wa kuiacha. Nataka utaratibu wa kila siku unaoendana na zamu hizi. Mlioweza, nisaidieni.

Mlinzi Mstaafu

Pole sana dada. Nimelinda malindo ya usiku miaka mingi. Anza na chumba kabla ya kitu kingine chochote. Kama nyumba ni ya bati, ikifika mchana joto lenyewe linakuamsha, kwa hiyo usingizi wako mkubwa uupate mapema, ukifika tu. Dirisha nililiziba kwa blanketi zito lililokunjwa mara mbili, limepigiliwa misumari juu na pembeni, maana pazia la kuning'inia linaingiza mwanga ubavuni. Sakafu niliipiga deki kwa maji baridi kabla ya kulala. Simu ilikaa nje ya chumba.

Na wapangaji wenzako waambie. Mimi nilikuwa nafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa, watoto wa uani wakikiona wanahamia upande wa pili kucheza.

Kijana wa Igoma

Dada, ukitoka zamu pitia gym moja kwa moja, piga saa nzima, ukifika nyumbani utalala fofofo. Mazoezi ndiyo dawa.

Tabibu wa Jirani

Kijana, mazoezi ni kweli, ila muda huo simshauri. Ametoka kukesha, ana usingizi, na mazoezi mazito yanauamsha mwili wakati anautaka utulie. Afanye akishaamka, jioni kabla ya kuingia zamu.

Dada, ubongo una saa yake, nayo huongozwa zaidi na mwanga. Utafiti wa namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli uliwapa wanasayansi Hall, Rosbash na Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Jua la asubuhi unapopanda daladala linaiambia hiyo saa kwamba siku imeanza. Vaa miwani ya jua hadi mlangoni. Ukiamka mchana, fanya kinyume: toka nje upate mwanga.

Kahawa nayo ipangie muda. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 9 usiku, nusu yake bado iko mwilini saa 2 asubuhi. Kunywa mwanzoni mwa zamu, ukifika saa 6 usiku uwe umemaliza.

Chakula kizito kula kabla ya kwenda kazini. Usiku wa manane mwili hauishughulikii sukari vizuri kama mchana, hivyo soda na maandazi ya saa 8 usiku yanachangia huo uzito. Beba mayai ya kuchemsha, karanga, tunda. Hata matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kidogo na karanga yanatosha.

Nesi wa Kirumba

Asanteni sana. Hilo la blanketi nalifanya leo. Lakini nikilala mapema bado saa 6 au 7 naamka. Nijilazimishe?

Tabibu wa Jirani

Usijilazimishe. Gawanya. Lala saa 3 hadi saa 7 mchana, amka, kula, kaa na mtoto, kisha lala tena saa 10 hadi saa 11 na nusu. Ukiamka hapo ndipo utembee. WHO inapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inakufikisha. Ukiwa karibu na vilima vya Mabatini, kupanda na kushuka kwa mguu ni zoezi kamili, huhitaji kulipia gym.

Mama Wawili, Tanga

Nesi mwenzio hapa. Wameongelea mwili, mimi niongelee akili, kwa sababu kinachotukosesha usingizi mara nyingi ni mgonjwa tuliyemwacha kitandani, au aliyefariki mikononi mwetu. Nikishakabidhi ripoti, naandika kwenye daftari dogo mambo yanayonisumbua, mistari michache tu, nalifungia kabatini huko huko kazini. Sare navulia kazini pia. Nyumbani, kabla ya kulala, navuta pumzi taratibu nikihesabu hadi nne, naitoa nikihesabu hadi sita, kwa dakika chache. Kisha dua yangu, nalala.

Hasira kwa mtoto usizipuuze mdogo wangu. Zikiambatana na huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, na zikapita wiki mbili hata ukiwa ofu, muone daktari. Ukianza kuwaza kwamba ni heri usiwepo, usisubiri hata siku moja, nenda siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa karibu. Tunawaambia wagonjwa kila siku, na sisi tunastahili huduma ile ile.

Nesi wa Kirumba

Dada, umenigusa. Hilo la daftari sijawahi kulifikiria. Swali la mwisho: siku za ofu nafanyaje? Nikilala mchana, usiku unaofuata nakesha.

Mama Wawili, Tanga

Asubuhi ya zamu ya mwisho lala kidogo tu, saa 6 mchana uwe umeamka hata kama bado una usingizi, utoke juani. Usiku lala mapema pamoja na mtoto. Siku unayorudi zamu ya usiku, pata usingizi wa mchana wa saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Na ukitoka zamu umesinzia, usipande bodaboda. Panda daladala.