Mpira wa rejeta wa chini kwa Land Rover ya zamani iliyobadilishwa injini

Wakuu habari, nina Land Rover Series III nimeitoa injini yake nikaweka ya dizeli ya gari lingine, sasa mpira wa chini wa rejeta umepasuka na wa dukani haukai, upande wa rejeta mdomo ni milimita 38 upande wa pampu ya maji ni 32 na katikati kuna kona mbili. Nifanyeje?

— Mkuu usiende dukani na jina la gari, chukua waya mgumu ukunje ufuate njia yenyewe mdomo hadi mdomo, nenda nao ulinganishe na mipira ya gari lolote, ukipata wenye kona zako unakata urefu. Mimi wangu sijui hata ni wa gari gani 😂

— Huo wa 38 kwa 32 utasumbua, tafuta kiungo cha silikoni cha kupunguza, mdomo mmoja mpana mwingine mwembamba. Ila usikaze klipu kupita kiasi, silikoni inakatika.

— Na uangalie springi ya ndani ya mpira jamani!! Upande wa chini pampu inavuta, mpira laini unajibana gari likipanda resi, linachemsha unabaki kulaumu thermostat (kile kidude kinachofungulia maji yakipata moto)

— Ahaa, wa zamani ulikuwa na springi kweli, niliitupa