Hatamu nilizozitengeneza zinampeleka farasi kulia: nimekosea wapi?

Mgeni_wa_Ngozi: Ndugu wanajukwaa, nimetengeneza hatamu mbili za kumwongozea farasi wa mkokoteni, kila moja mita 4 kwa upana wa sentimita 2, lakini baada ya wiki mbili farasi anaelekea kulia hata nikishika mikono sawasawa. Je, nibadilishe lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni?

Babu_Msharasi: Mwanangu, lijamu iache kwanza. Ujanani niliunga hatamu kwa ribiti, moja ikanasa kwenye pete ya mgongoni, farasi akageuka kunitazama kama mtu anayenidai. Tangu hapo ninaunga kwa sindano mbili tu, zinazopishana katika tundu lilelile kwa uzi wa nta, ili upande mmoja ukikatika wa pili ubaki umeshika.

Mpole: Anayeumia ni mdomo wa mnyama, nanyi mnahadithiana sindano.

Mgeni_wa_Ngozi: Ahsante, babu, ila zangu hazina kiungo hata kimoja.

Jicho_Kavu: Hapo ndipo ninaposita. Ngozi ya ng'ombe kutoka shingoni hadi mkiani haizidi sana mita 2. Hizo mita 4 umezitoa kwa ng'ombe gani, au kisa hiki umekitunga?

Kicheko: Huenda ni twiga.

Mgeni_wa_Ngozi: Sijatunga. Nilikata kwa kuzungusha, kuanzia ukingoni kuingia ndani, kama amenyavyo mtu chungwa, na ya kushoto ndiyo iliyotoka mzunguko wa nje. Sikuona haja ya kulitaja, kwa kuwa nilizilowesha, nikazivuta, zikanyooka kabisa, na bizimu nimekwisha kuzishona.

Babu_Msharasi: Mzunguko wa nje hupita tumboni, na ngozi ya tumbo hurefuka ikivutwa. Zitundike kwenye msumari mmoja uone.

Mgeni_wa_Ngozi: Ya kushoto imezidi kwa sentimita 5. Basi nitatoboa tundu jingine la bizimu, yaishe.

Babu_Msharasi: Wiki ijayo utatoboa la pili. Kata mikanda mipya sambamba na uti wa mgongo, zote mbili kutoka ngozi moja, ncha za kuungia uzinyoe kwa mshazari kiasi cha sentimita 12, uzitie gundi, kisha ushone, ukihakikisha kiungo hakizidi unene wa mkanda wenyewe.

Mgeni_wa_Ngozi: Na bizimu je?

Babu_Msharasi: Zifumue, zitumie tena. Bizimu hazina kosa.