Tupeane uzoefu: flashi ya kubeba kwenye kazi za nje, ulichagua ipi na ilikufaaje?

#1
Wakuu, habari za wakati huu. Nimezoea kupiga picha kwa mwanga wa asili, sasa nataka kuitoa flashi juu ya kamera niiweke pembeni, kwenye stendi. Nimeazima flashi ndogo ya betri nne na mwavuli mweupe. Jioni kivulini sura zilitoka laini mno, nikafurahi. Kesho yake saa saba mchana, mpangilio uleule, flashi ikiwa kwenye nguvu yote, uso ukabaki mweusi kana kwamba sijawasha kitu. Kabla sijatoa hela yangu, naomba mliokwisha kununua mnieleze kilichowasaidia na kilichowaangusha.

#2
Mkuu, hiyo flashi si mbovu. Juani, ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na shata 1/200 ya sekunde, unajikuta kwenye tundu dogo la lenzi, f/11 au f/16. Chukua flashi yenye namba ya mwongozo (kipimo cha nguvu yake) 40: gawanya kwa 16 ya f/16, unapata umbali inaofika, mita 2.5. Hapo ni bila mwavuli. Mwavuli ukila stopu mbili, yaani mwanga ukabaki robo, umbali unashuka hadi mita 1.25, yaani stendi inakaribia kuingia kwenye picha. Halafu namba inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa zumu hadi mwisho, kwa hiyo usiiamini kabla hujaona ilipimwa kwenye zumu ya milimita ngapi.

Mimi nilidhani HSS (hali ya flashi kufanya kazi na shata ya kasi kubwa) ndiyo dawa. Nikapandisha shata hadi 1/2000 na mwanga wa flashi ukazidi kufifia. Baadaye ndipo nikaelewa: kwenye HSS flashi haipigi pigo moja la nguvu, inapiga vipigo vidogo vidogo mfululizo wakati mwanya wa shata ukipita mbele ya sensa, na sehemu kubwa ya mwanga inapotea. Sasa nabaki 1/200 na kufunga kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) kwenye lenzi nikitaka kufungua tundu. Na nilihamia taa ya flashi ya betri ya Ws 200 (wati-sekunde, kipimo cha nishati ya pigo). Ni nzito, lakini juani inafika.

#3
Naunga mkono Ws 200, ila mwenzetu hajagusa upepo. Nilikuwa napiga familia uwanjani, mwavuli mkubwa, stendi nyepesi ya kukunja. Nikageuka kubadilisha lenzi, nikasikia kishindo. Mguu wa flashi ulikatika palepale unapochomekwa kwenye kishikio, na kipande kikabaki ndani. Kilichoniuma zaidi ni mtoto aliyekuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale.

Tangu siku hiyo kwangu stendi haisimami nje bila mfuko wa mchanga mguuni. Mara nyingi hata stendi siipeleki: msaidizi anashika taa kwenye fimbo na kunifuata. Kwa hiyo ukichagua taa, ishike juu kwa mkono ulionyooshwa kwa dakika tano kwanza. Kama msaidizi wako hataiweza, nguvu za taa hiyo hazitakusaidia.

#4
Anzeni na triga, kifaa cha kuamsha flashi iliyo mbali na kamera! Nilinunua flashi zinazoamshwa na mwanga wa flashi nyingine. Ndani zilitii, nje juani zikawa zinaitika moja kati ya tatu. Redio ya 2.4 GHz ndiyo iliyonipa amani. Hakikisha triga ni ya kamera yako hasa, maana pini za juu ya kamera hutofautiana, na TTL (kamera kuipangia flashi nguvu yenyewe) haitafanya kazi kama haziendani. Tena kwenye sherehe badilisha chaneli mapema. Kuna siku flashi yangu ilikuwa inawaka yenyewe, kumbe mpiga picha mwingine yuko chaneli moja na mimi.

#5
Betri, jamani. Nilikwenda kwenye harusi na alikali za kawaida. Baada ya kupiga mfululizo, flashi ikawa inachukua sekunde nyingi kujijaza, na bibi harusi akacheka kicheko ambacho sikukipata. Picha ile hairudi. Nilihamia NiMH za kuchaji, kisha flashi yenye betri yake ya lithiamu. Anayesafiri kwa ndege: betri za akiba za lithiamu zinakaa kwenye begi la mkononi, ncha zimefunikwa, si kwenye mzigo wa chini.

#6 (mleta mada)
Asanteni sana, nimeandika yote. #2, leo nimerudi juani nikasogeza mwavuli hadi mita moja na robo, na uso umeonekana! Kwenye picha ya upana ndipo niliposhindwa, stendi inaingia. Naanza na triga ya redio na NiMH, flashi hii nibaki nayo kwa kazi za jioni. Wikiendi naazima Ws 200 nikaijaribu saa saba ileile, na mdogo wangu ataishika kwenye fimbo. #3, fimbo yako ina urefu gani?