Kompyuta ya stationari inaganda, diski 100%

Wakuu, nina stationari hapa Mwanga, Kigoma. Mashine ina Windows 10, RAM GB 4. Mteja akichomeka flashi nimchapie barua, inaganda, feni inavuma, foleni inajaa. Nini kinaila?

FundiUjiji: Mkuu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, orodha ya programu zinazofanya kazi. Bofya safu ya Disk, mlaji mkubwa atapanda juu. Ukikuta Antimalware Service Executable usihangaike kuiua: ni kinga ya Windows inakagua. Flashi za wateja zimejaa virusi, hiyo kinga unaihitaji mno!

MamaTabora: Pia humo humo ingia Startup, zima programu zinazojiwasha bila kazi. RAM ongeza, GB 4 ni ndogo.

Mwuliza: Kweli, kinga ndiyo ilikuwa juu. Chrome nayo imekalia RAM, nimefunga kurasa. Asanteni, barua zinatoka.