Nimekohoa kidogo tu, naambiwa "hamia benchi la TB"!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Huyu wa dirisha la dawa mnamjua wote, sina haja ya kumtaja: yule wa kucha ndefu, simu haitoki sikioni. Nimeenda kuchukua enalapril zangu za presha. Nikakohoa. Akachomoza kichwa dirishani, akapaza sauti hadi bodaboda za ng'ambo zikazima injini: "Baba, wewe hamia benchi la TB!"

Benchi la TB! Na mama mkwe wangu yuko kwenye foleni! Watu wakajifunika khanga puani, bibi mwenye mkongojo akaruka mabenchi na kuuacha mkongojo.

Kikohozi chenyewe kikavu, hakina makohozi wala homa, na kimeanza baada ya kuanza hizo dawa anazonipa yeye! Usiku mke wangu kahamia chumba cha watoto. Nikimweleza huyo wa kucha, ananisukumia chupa ya dawa ya kikohozi. Halafu benchi la TB! Cheti chake kasomea wapi?

Kijukuu: Pole mkuu. Majibu ya makohozi yanatoka lini? 😂

Nesi Mstaafu: Kaka, hicho kikohozi kinajulikana. Enalapril, captopril, lisinopril ni ukoo mmoja, baadhi ya watu zinawakereketa koo, na dawa ya kikohozi haisaidii. Rudi kwa daktari, wengi hubadilishiwa wakapewa losartan. Ila usiache kumeza kwa hasira za dirishani, presha itapanda. Na ukiona midomo au ulimi unavimba, usifungue uzi hapa jukwaani, kimbia hospitali. Halafu kama umekohoa wiki 2 na zaidi, TB pima tu.

Mleta mada: Nesi, na wewe unanipeleka benchi la TB??

Mama Vitumbua: Heri yako wewe unakohoa. Mimi dawa yangu ya presha, amlodipine, imenivimbisha vifundo vya miguu, harusi ya mdogo wangu nimecheza peku, viatu nimeshika mkononi. Nikamwonyesha huyo huyo wa kucha, akasema "mama umenawiri".

Kijukuu: Umenawiri miguu tu 😂😂

Mzee Foleni: Hamjameza ile dawa ya presha ya kukojosha mkapanda daladala ya Mbagala jioni. Nimemwomba konda nishuke, ananiambia "mzee vumilia, mbele kuna sheli".

Nesi Mstaafu: Hiyo humezwa asubuhi, mzee. Nani kakwambia jioni?

Mzee Foleni: Wa kucha.

Mama Vitumbua: Makonda wa njia hiyo msinikumbushe! Unatoa elfu, chenji unaambiwa utapewa ukishuka, ukishuka gari limeshaondoka.

Kijukuu: Mimi walinishusha kituo si changu, mvua inanyesha.

Mleta mada: Jamani mada! Benchi la TB!

Mzee Foleni: Subiri kwanza. Mama Vitumbua, gari lilikuwa la rangi gani? Mie nawadai mia nne.