Bango la "EXETAT 100%" langoni: linahesabu nani?

Mama wa Kadutu:
Ndugu zangu, tujadili hili. Shule moja ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, jina naliacha, imetundika bango kubwa: "EXETAT 100%", yaani wote waliofanya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari wamefaulu. Prefe, mkuu wa shule, kapewa hati ya pongezi, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Mwanangu alisoma pale hadi mwaka wa tatu wa humanite, ile miaka minne ya mwisho ya sekondari. Siku ya matokeo nikafungua bulteni, karatasi yake ya alama: 54 kwa mia, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, «réussi ailleurs». Yaani kafaulu, ila mwaka wa nne akausomee kwingine. Kama darasa lilianza na watoto 60, wakafikishwa mtihanini 35, wote wakapita, hiyo mia imetoka wapi? Naomba shule isituzwe kwa EXETAT peke yake.

Mwalimu wa Ibanda:
Pole, Mama. Ila msitubebeshe sisi wa ubaoni. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari bado inakula mfukoni mwa mzazi. Na mzazi huyo akija kuandikisha anauliza nini? "Mwaka jana mlipata ngapi?" Haulizi kama mwalimu wa fizikia yupo. Bango likishuka, wanafunzi wanahama, na prime yetu, posho inayotoka kwa wazazi, inahama nao. Hati ya prefe iko ukutani ofisini kwake. Mimi chaki bado naomba.

Finalisti wa zamani:
Mimi sikatai zawadi. Mpango wa Excellentia unawapa bursa ya chuo kikuu waliopata alama za juu kabisa kwenye EXETAT, na sijaona mtu akifukuzwa ili mwenzake aipate. Tabu inaanza shule nzima inapopimwa kwa asilimia. Kupandisha asilimia kwa kufundisha ni kazi ya miaka. Kwa kupunguza watoto ni kazi ya kalamu, jioni moja.

Papa wa Bagira:
Tusemezane ukweli, wavivu wapo. Wa 54 akibaki anavuta wenzake chini. Shule yenye jina lazima ilinde jina.

Mama wa Kadutu:
Papa, huyo wa 54 ana diploma. Alikaribishwa na shule ndogo isiyo na bango wala rangi ukutani, akafanya maswali yaleyale ya opsheni yake, yaani mchepuo wake, yanayofanywa nchi nzima, akavuka ile 50 kwa mia ya kufaulu. Kwa furaha tulimmwagia poda hadi nyusi zikawa nyeupe. Walimu waliomfikisha pale hakuna aliyewapa hati.

Mwalimu wa Ibanda:
Hapo umenishika.

Finalisti wa zamani:
Basi bango liandikwe mistari miwili: walioingia mwaka wa kwanza wa humanite, na waliopata diploma kutoka kundi hilohilo. Waliohama kwa hiari wawekwe kando.

Papa wa Bagira:
Na prefe atakubali?

Mama wa Kadutu:
Kwenye shule ile ya bango mdogo wake bado anasoma. Komite ya wazazi inakutana Jumamosi. Ile bulteni nimeshaiweka kwenye mkoba.